KUITOA BOLTI ILIYOKATIKA KATIKA KLACHI YA MOTOKAA

Wahenga walinena ya kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuyachukua maneno hayo na kuyaingiza katika karakana ya motokaa, mahali ambapo koleo huvunjika mara chache, bali bolti hukatika mara nyingi. Twataka kueleza afanyeje fundi afunguapo klachi, bolti moja ikakatika kichwa, na kisiki chake kikabaki kimezama ndani ya chuma.

Pengine msomaji atasema, "Mimi si fundi, wala sina motokaa, jambo hili lanihusu nini?" Twamjibu ya kwamba lori lipelekalo pamba ya kijiji, na basi limchukualo mgonjwa hospitali, yote mawili hushikwa pamoja na bolti ndogo ndogo. Bolti yenye uzito wa gramu 12 tu ikikatika, kisha ikatolewa vibaya, lori zima laweza kulala kando ya barabara wakati wa mavuno. Tena kanuni tutakazozieleza si za motokaa peke yake. Ndizo zile zile za baiskeli, za mashine ya kusaga, za pampu ya maji, na za plau ikokotwayo na ng'ombe. Palipo na bolti na kutu, mambo ni yale yale.

KLACHI NI KITU GANI

Injini ya motokaa, ikiisha kuwashwa, huzunguka daima. Lakini magurudumu hayana budi kusimama mara kwa mara. Basi pametakiwa kitu kati ya injini na magurudumu, cha kuunganisha na kutenganisha. Kitu hicho ndicho klachi.

Nyuma ya injini pana gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Mbele ya flaiwili huwekwa sahani nyembamba iliyovikwa ngozi ngumu yenye kukwaruza. Sahani hii ndiyo izungushayo mtaimbo uingiao katika giaboksi. Juu ya sahani hufungwa kifuniko chenye springi za nguvu, nacho huitwa presha pleti. Springi huisukuma sahani, ikabanwa juu ya flaiwili, na vyote vitatu vikazunguka kama kitu kimoja.

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili kwa kitabu chake. Akibane kati ya viganja viwili, kisha avigeuze viganja: kitabu kitageuka pamoja navyo. Avilegeze kidogo, naye ataona viganja vyaweza kugeuka na kitabu kikabaki. Dereva akanyagapo pedeli ya klachi hufanya vivyo hivyo, huvilegeza viganja.

Ile sahani huliwa pole pole kama soli ya kiatu, na siku moja hapana budi kubadilishwa. Hapo fundi hulazimika kuliteremsha giaboksi, kisha kuifungua presha pleti. Katika magari mengi madogo presha pleti hushikwa na bolti sita zenye unene wa milimita 8, zilizoingia katika flaiwili. Giaboksi lenyewe hushikwa na bolti nyingine ndefu zaidi, ambazo hupigwa na matope na maji ya njiani. Bolti hizi za aina mbili ndizo zikatikazo wakati wa kazi ya klachi.

HAIFAI KUFUNGA TANO PEKE YAKE

Kabla hatujasema namna ya kukitoa kisiki, yafaa tukiondoe kishawishi kimoja. Fundi mwenye haraka, akiona bolti moja kati ya sita imekatika, husema, "Tano zatosha. Hakuna atakayeona, maana giaboksi litafunika." Ni kweli hakuna atakayeona, lakini gari litajua.

Na tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, flaiwili huzunguka mara 50 katika kila sekunde moja. Bolti ya gramu 12 iliyofungwa sentimita 15 kutoka katikati, katika mwendo huo, huvuta kwenda nje kana kwamba ni mzigo wa kilo 18. Zikiwapo zote sita, kila moja huvutana na mwenzake wa upande wa pili, wakasawazishana kama watoto wawili juu ya ubao wa pembea. Ikikosekana moja, mvuto wa kilo 18 husalia bila wa kusawazisha, nao hulizungukia gari mara 50 kwa sekunde. Injini hutikisika, na mahali pa kuzungukia mtaimbo wake hulika upesi.

Si hayo tu. Presha pleti isiyoshikwa sawasawa huinama upande mmoja; sahani hubanwa huku na kulegea kule, na gari hutetemeka kila liondokapo. Nazo bolti tano zilizobaki huchukua mzigo wa sita. Zikichoka, nazo hukatika, na chuma kizungukacho kwa kasi namna ile hufunguka karibu na miguu ya dereva. Kwa hiyo kisiki hakina budi kutoka, na bolti ya sita haina budi kurudi mahali pake.

KWA NINI BOLTI HUKATIKA

Watu wengi hudhani bolti ni msumari mnene. Sivyo. Bolti ni springi fupi ngumu. Fundi aikazapo, hurefuka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. Na kwa kuwa yataka kurudi katika urefu wake wa kwanza, huvivuta vile vitu viwili pamoja. Mvuto huo ndio ushikao, wala si ule unene wa chuma.

Juu ya vichwa vya bolti nyingi za motokaa mtu ataona tarakimu zilizochongwa, kama 8.8. Hizi si mapambo. Tarakimu 8 ya kwanza yaonyesha ya kwamba chuma hicho hukatika kikivutwa kwa mzigo wa kilo kama 80 kwa kila milimita moja ya mraba. Tarakimu ya pili yasema ya kwamba kikifikia sehemu nane katika kumi za mzigo huo, yaani kilo kama 64, hurefuka kisirudi tena. Bolti iliyopita kiasi hicho ni kama mpira wa manati uliolegea. Bado waonekana mzima, lakini kazi yake imekwisha.

Sasa tutazame mkono wa fundi. Bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8 hutosheka na nguvu ya kusokota ipatikanayo kwa kusukuma kilo kama 13 mwishoni mwa spana ya sentimita 20. Fundi akichomeka bomba la mita moja katika spana ile, akasukuma kwa nguvu zile zile, bolti hupata mara tano ya ilichohitaji. Hapo haina la kufanya ila kukatika. Bomba halikumpa fundi ujuzi. Lilimnyima habari tu, maana mkono hausikii tena chuma kinasema nini.

Basi bolti hukatika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukazwa kupita kiasi wakati wa kuifunga. Ya pili ni uchovu: bolti iliyolegea kidogo huvutwa na kuachwa mara maelfu kwa maelfu, ufa mdogo ukaanza, ukakua siku kwa siku. Ya tatu ni kutu: fundi ajaribu kuifungua, hesi, yaani ile mifuo myembamba iizungukayo bolti, ikawa imeshikamana na tundu, na shingo ya bolti ikasokoteka kabla hesi haijaachia.

ULIZA KWANZA IMEKATIKAJE

Hapa ndipo tutakapo msomaji asimame kidogo, kwa maana jambo tutakalolisema sasa ndilo kiini cha mazungumzo haya. Kabla ya kuchukua chombo chochote, fundi na ajiulize: bolti hii imekatikaje? Jibu lake ndilo litakalomchagulia chombo.

Ikiwa bolti ilikatika wakati wa kukazwa, au ilikatika yenyewe kwa uchovu, basi hesi zake hazikuwa zimeshikwa na kitu. Kilichokuwa kikiibana ni ule mvuto wa springi, na mvuto ule ulikwisha pale kichwa kilipoondoka. Kisiki cha namna hii mara nyingi kimelegea ndani ya tundu lake, ijapokuwa chaonekana kama kimezama kwa hasira.

Lakini ikiwa bolti ilikatika wakati wa kufunguliwa, basi kisiki kimeshikwa na kutu. Nguvu iliyoweza kukata chuma kizima haikuweza kukigeuza. Je, nguvu ile ile yaweza kukigeuza kisiki, ambacho sasa hakina hata kichwa cha kushika? Haiwezi. Nguvu ndiyo iliyokata. Nguvu peke yake haitatoa.

Tena sura ya mkato husema. Bolti iliyokufa kwa uchovu huwa na sehemu laini ya zamani, yenye mistari kama ile ya ganda la kombe, na sehemu ndogo mpya yenye kumetameta. Iliyosokotwa kwa nguvu huonyesha mkwaruzo wa mviringo. Fundi aisomaye sura hii ni kama tabibu amtazamaye mgonjwa ulimi kabla ya kumpa dawa.

USALAMA KABLA YA KAZI

Gari lililoinuliwa lisitegemee jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Fundi na aweke vishikio imara vya chuma, au magogo mapana ya mti mgumu, kisha alisukume gari kwa mkono aone kama latikisika, ndipo aingie chini yake. Giaboksi nalo laweza kuvunja mbavu likianguka; lisiteremshwe na mtu mmoja aliyelala chali.

Vumbi jeusi lililomo katika nyumba ya klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Sahani za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, nayo nyuzi zake zikivutwa katika mapafu huleta maradhi ya kuua baada ya miaka mingi. Uingereza iliipiga marufuku asibesto mwaka 1999, lakini magari ya kale na vipuri vya kale bado vyaweza kuwa nayo. Vumbi na lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe kikiwa kibichi. Mwisho, fundi avae miwani ya kazi kila apigapo nyundo au kutoboa chuma. Bolti hununuliwa, jicho halinunuliwi.

KISIKI KILICHOLEGEA

Kwa kisiki kisichoshikwa na kutu, kazi yaweza kuwa nyepesi. Fundi huchukua tindo ndogo yenye ncha kali, akaiweka karibu na ukingo wa kisiki, si katikati, akaigonga pole pole kwa kuielekeza upande wa kufungulia. Kisiki huanza kuzunguka kidogo kidogo, na kikichomoza huvutwa kwa koleo.

Pia na atazame kama tundu limetoboka upande wa pili. Matundu mengi ya flaiwili hupita moja kwa moja. Ikiwa ni hivyo, na flaiwili imekwisha kuondolewa katika injini, kisiki chaweza kusogezwa mbele kwa kufuata hesi zake mpaka kitokee nyuma, badala ya kurudishwa nyuma kwa njia iliyoharibika. Aghalabu njia fupi ni ile ambayo hatukuifikiri kwanza.

KISIKI KILICHOSHIKWA NA KUTU

Hapa dawa ni tatu: mafuta, wakati, na moto, nazo huenda kwa taratibu hiyo.

Mafuta mepesi ya kupenya kutu hutiwa kuzunguka kisiki, kisha kisiki hugongwa kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, si pigo moja zito. Mapigo hayo huivunjavunja kutu na kuyafungulia mafuta njia. Kisha fundi huacha. Huenda akaacha usiku kucha, akatia tena asubuhi. Wengi hushindwa hapa, si kwa kukosa chombo, bali kwa kukosa subira. Hutia mafuta na kusokota kwa dakika ile ile, kana kwamba mafuta yana miguu ya kukimbia.

Kama kisiki kimechomoza juu ya chuma, yawezekana kukishika. Fundi aweza kukichonga kwa tupa pande mbili zikawa bapa, akatia spana. Au kukikata mfuo kwa msumeno wa chuma, akatumia bisibisi pana. Asiende upande mmoja tu. Agize kidogo kushoto, arudi kidogo kulia, tena kushoto. Kila mwendo husaga kutu na kuchukua mafuta ndani zaidi. Akilazimisha kwenda kushoto tu, kutu iliyosagwa hujazana mbele ya hesi na kuwa kabari.

Mafuta yakishindwa, moto huja. Kila mtu aliyeona gurudumu la mkokoteni likivikwa pete ya chuma ajua ya kwamba chuma kikipata moto hupanuka, na kikipoa hukaza. Tundu la milimita 8 katika chuma kilichoongezewa joto la digrii 300 hupanuka kiasi cha sehemu tatu katika mia za milimita moja. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini kwa kutu chatosha. Basi moto hupelekwa kwenye chuma kinachozunguka kisiki, si kwenye kisiki chenyewe, ili tundu lipanuke kabla bolti haijapanuka nalo. Nyumba ya giaboksi mara nyingi ni ya aluminiamu, ambayo hupanuka kama mara mbili ya chuma, kwa hiyo huhitaji moto kidogo. Nayo huyeyuka mapema pasipo kuwa nyekundu kwanza. Flaiwili nayo, ambayo mara nyingi ni ya chuma cha kusubu, haipendi moto wa ghafula mahali pamoja, maana huweza kupasuka. Joto na lienezwe.

Hapa twatoa onyo: mafuta na moto ni maadui. Mafuta yafutwe na kukauka kabla ya moto kuwashwa, na moto usiletwe karibu na tangi wala mipira ya petroli.

Fundi mwenye mashine ya kuchomelea ana njia nyingine nzuri. Huweka nati juu ya kisiki, akakichomelea kisiki na nati kupitia tundu la nati. Kwa kazi hiyo kisiki hupata moto mkali, hupanuka na kuiponda kutu. Kikipoa hunywea, na nati yampa fundi kichwa kipya cha kushika. Waya za betri ziondolewe kwanza. Nati ikikatika mara ya kwanza, achomelee ya pili; si ajabu kisiki kutoka kwa nati ya tatu.

KUTOBOA

Ikiwa kisiki kimekatika sawa na uso wa chuma, au ndani yake, na njia zote zimeshindwa, husalia keekee. Hii ndiyo njia iharibuyo zaidi, kwa hiyo yataka mkono mtulivu kuliko zote.

Kwanza kisiki husawazishwa kwa tupa ndogo, kisha huwekwa alama katikati kabisa kwa chuma chenye ncha. Alama hiyo ndiyo kazi yote. Chuma cha bolti ni kigumu kuliko chuma cha kusubu cha flaiwili. Ncha ya keekee ikiteleza, itakimbilia kwenye chuma laini kama maji yatafutavyo bonde, na tundu la hesi litaharibika. Fundi ajuaye huweka alama, hutazama kwa pande zote, na kama imekwenda kombo huirekebisha kabla hajatoboa.

Huanza na ncha ya milimita 3, mwendo wa pole, na mafuta kidogo. Huifunga ncha kitambaa au karatasi yenye gundi kama alama ya kina, ili asitoboe kupita mwisho wa kisiki. Kama ana ncha iliyosokotwa kwa upande wa kushoto, ni heri zaidi, maana huzunguka upande wa kufungulia, na mara nyingi kisiki hutoka chenyewe kabla ya kazi kwisha.

Tundu likiisha kuwapo, watu wengi hukimbilia kichopoo, kile chuma chembamba chenye mifuo ya kushoto kiingizwacho katika tundu na kusokotwa. Ni chombo kizuri kwa kisiki kilicholegea. Kwa kisiki kilichoshikwa na kutu ni chombo cha hatari. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana, na ugumu huo huenda pamoja na wepesi wa kuvunjika, kama kigae. Tulipata kuliona lori moja wakati wa mvua, ambalo fundi wake alikitia kichopoo katika kisiki, akaongeza mpini, akaongeza bomba, mpaka kichopoo kikavunjika ndani. Tangu saa ile hapakuwa na ncha ya keekee iliyoweza kukikwaruza. Flaiwili ikafunguliwa, ikafungwa katika gunia, ikapelekwa mjini kwa basi kwenye karakana yenye mashine ya kulia chuma kwa cheche za umeme. Lori likangoja siku kumi na moja, na gunia za mahindi zilizokuwa juu yake zikaota chini ya turubai. Bolti yenyewe thamani yake haikufikia kikombe cha chai.

Basi kichopoo kikianza kujipinda mkononi, fundi na aache. Arudie moto na mafuta. Au apanue tundu kwa ncha kubwa zaidi, hatua kwa hatua, hata milimita 6 na nusu. Ikiwa alama ya kwanza ilikuwa katikati kweli, kitabaki kitu kama springi nyembamba ya hesi za bolti, ambacho huchokolewa kwa ncha na kuvutwa nje, na hesi za flaiwili zikabaki nzima. Kisha tepu ya milimita 8 hupitishwa kwa mkono kuzisafisha. Kama hesi zimeharibika, tundu laweza kupanuliwa na kutiwa hesi mpya za waya uliosokotwa, ambazo huichukua bolti ya unene ule ule wa kwanza.

BOLTI MPYA NA HESI ZAKE

Kisiki kikiisha kutoka, kuna mtego wa mwisho. Si kila bolti iingiayo ni bolti ifaayo. Zamani kila karakana ilikata hesi zake kwa namna yake, hata Joseph Whitworth, Mwingereza, alipotoa shauri la kipimo kimoja mwaka 1841. Hesi zake zilikuwa na pembe ya digrii 55. Marekani wakafuata kipimo kingine chenye digrii 60, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada wakapatana juu ya kipimo kimoja cha inchi. Magari ya kipimo cha mita nayo yana hesi zake.

Jambo hili si la historia tu. Bolti ya inchi tano katika kumi na sita ina unene wa milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 ni milimita 8. Kwa macho hazitofautiani. Lakini ya milimita 8 ya kawaida husogea milimita 1.25 kwa kila mzunguko, na ya inchi husogea kwa kiasi kingine. Aliyekosea huona bolti yaingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, kisha yakaza. Naye huchukua spana akalazimisha, akaziharibu zile hesi alizozitoa jasho kuziokoa. Kanuni ni fupi: bolti ya kweli huingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Isiyoingia kwa vidole isiguswe na spana. Aendaye dukani na achukue bolti mzima wa namna ile ile, atazame hesi, urefu na tarakimu za kichwani. Wala asikubali bolti isiyo na alama kwa sababu ya urahisi wa bei.

Ni vema kubadilisha zote sita, maana zilizobaki zina umri ule ule na zimepita katika taabu ile ile. Kabla ya kufunga, uso wa flaiwili husafishwa kwa spiriti, kwa kuwa tone la mafuta juu ya sahani mpya litaifanya iteleze. Sahani huwekwa katikati barabara kwa mti au mtaimbo wa kipimo. Kisha bolti zote huingizwa kwa vidole, ndipo zikazwe kwa zamu, kila moja kidogo, kwa kuruka upande wa pili kila mara, mpaka presha pleti ilale sawasawa. Ukazaji wa mwisho hufanywa kwa spana ipimayo nguvu, kwa kufuata kitabu cha gari lenyewe.

Tumeeleza kwa kirefu jambo dogo, lakini katika dogo hilo mna ufundi wote. Tofauti ya fundi na mvunjaji si vyombo vyake, kwa maana wote wawili wana nyundo na spana. Mmoja huuliza kabla ya kusokota, mwingine husokota kabla ya kuuliza. Nanyi vijana mnaotaka kujifunza kazi ya mitambo, mkikutana na kisiki cha kwanza, wekeni spana chini, pangusa mikono, mkitazame. Kitawaambia jinsi kilivyokatika, na kwa kuwaambia hayo kitakuwa kimekwisha kuwaambia jinsi kitakavyotoka.